Gari linachemsha kiwanjani, na fundi wangu ni mjomba wangu

Shikamoo fundi,

Naandika nikiwa Tabora, mtaa wa Cheyo. Biashara yangu ni asali: naikusanya Sikonge na Urambo, nyingine nauza hapa mjini, nyingine naisafirisha. Asali hiyo ndiyo iliyoniwezesha kuagiza Subaru Impreza WRX kutoka Japan, ya gia za mkono, injini EJ20 yenye tabo (turbo). Dashibodi sasa inasoma kilomita 138,000. Ndilo gari langu la kila siku, la dukani na la kupeleka watoto shule, na mke wangu ameshalizoea ingawa anasema sailensa yake inaamsha mtaa mzima.

Marafiki zangu wa Arusha walinishawishi twende Kenya, kwenye kiwanja cha lami kilichoko Athi River, nje ya Nairobi. Kuna siku wenye kiwanja wanaruhusu watu walipe kiingilio waingie na magari yao ya kawaida. Hakuna kusukumana, kila mtu anashindana na saa yake. Nilipotoka Tabora sikupima oili, nilikuwa na haraka. Nikafika, nikapumzika usiku, asubuhi nikaingia.

Mizunguko ya mwanzo nilifurahi kama mtoto. Baadaye, kwenye kona ndefu ya kulia, taa nyekundu ya oili ikawaka, ikazima. Mzunguko uliofuata ikawaka tena palepale. Sindano ya joto ilikuwa imetulia katikati, kisha ghafla ikapanda kama imerushwa, nikasikia harufu ya oili iliyoungua. Nikatoka, nikapaki, maji yakamwagika chini ya gari. Nilipochomoa dipstiki oili ilikuwa imefika alama ya chini, labda hata imeipita.

Nilirudi Tabora polepole, gari halikuniangusha. Lakini sasa asubuhi nikiwasha linagonga kidogo, halafu baada ya dakika chache linanyamaza.

Fundi wangu ni mjomba, kaka yake mama. Ametengeneza malori ya tumbaku tangu sijazaliwa na ndiye aliyenifundisha kushika spana. Bila kuniuliza ametoa themostati akasema ndiyo inayoleta joto, amevua kava la chini ili injini ipate hewa, amemwaga kulanti, ile dawa ya rejeta, akaweka maji ya bomba, na oili ameweka 20W-50. Rafiki yangu wa Dar naye ananiambia nimpelekee kompyuta ya gari aiwekee programu mpya ya kuongeza nguvu, eti injini ya namna hii haijafunguliwa hata nusu.

Nina milioni mbili na nusu nilizoweka pembeni. Nataka kurudi Athi River na kurudi nyumbani nikiwa naendesha, si nikiwa juu ya lori. Nianze na nini? Na mjomba nimwambieje? Siku hizi najaribu gari usiku barabara ya Nzega, kukiwa hakuna watu, kuona kama joto linapanda, lakini sioni tofauti.

Kijana wa Cheyo, Tabora

*

Marahaba, kijana wangu.

Tuanze na hiyo sauti ya asubuhi, maana ikiwa mbaya mengine yote hayana kazi. Sauti inayosikika injini ikiwa baridi na kupotea ikipata joto mara nyingi ni pistoni inacheza kidogo ndani ya silinda kabla chuma hakijatanuka. Hizi injini za Subaru zinajulikana kwa hilo, na nyingi zinaishi nalo miaka. Sauti ya kuogopa inafanya kinyume: injini ikiwa baridi imetulia, ikishapata moto inaanza kugonga, na ukipandisha mizunguko ya injini hadi 3,000 kwa dakika ukaachia ghafla, ndipo inagonga zaidi. Hiyo ni beringi ya konrodi, ule mkono unaoshika pistoni. Gari lenye sauti hiyo halina safari ya Athi River, halina hata safari ya Ipuli.

Usibahatishe kwa masikio peke yake. Mwageni oili ikiwa ya moto kwenye karai safi, mfungue filta, halafu muikate. Tumieni mkasi wa bati, msitumie msumeno, maana msumeno utawaachia chenga zake ndani na mtazikuta mkidhani ni za injini. Kunjueni ile karatasi ya ndani, ikamueni oili, mkaitazame juani. Unga mwembamba wa kijivu unaopotea ukiusugua vidoleni usikukoseshe usingizi. Vipande bapa vinavyometameta, vile unavyoweza kuvibana kwa kucha, ni beringi inayomeguka. Mkivikuta, hizo milioni mbili na nusu zimeshapata kazi: kushusha injini. Barua yangu iliyobaki utaisoma baada ya ovaholi.

Nikichukulia filta ni safi, sasa nikueleze ile taa, kwa sababu naona umeitaja mara moja ukaipita, ukakaa sana kwenye joto. Mimi naona taa ndiyo habari kubwa zaidi katika barua yako.

Swichi ya taa ya oili haipimi kama presha inatosha. Inawaka presha ikishakaribia sifuri, sehemu ndogo tu ya bar moja (bar ni kipimo cha presha). Kipimo ambacho mafundi wa magari ya mbio wanakishika ni kwamba injini ikiwa ya moto inahitaji kama bar 0.7 kwa kila mizunguko 1,000. Kwenye kona ile ulikuwa labda kwenye 6,000, kwa hiyo ulitakiwa kuwa na bar nne na kitu. Taa ilipowaka presha yako ilikuwa karibu na sifuri. Kwa muda ule beringi zako zilikuwa zinakaribia kusagana chuma kwa chuma, zikitegemea utando wa oili uliobaki. Ukiona dereva anayejua kazi, taa hiyo ikimulika hamalizi kona. Anakanyaga klachi, anazima injini, anaserereka hadi pembeni, na habari ya muda wa mzunguko inaishia hapo.

Kwa nini ilitokea konani? Injini yako imelala. Silinda mbili ziko kushoto, mbili kulia, na sampu, lile karai la oili, iko chini katikati. Kwenye kona ndefu ya kulia oili yote inasukumwa kushoto: nyingine inapanda ukuta wa sampu, nyingine inabaki kwenye silinda hedi ya upande huo na haiwezi kushuka kwa wakati. Pampu haijui kuna kona, inaendelea kuvuta kwa kasi ya mizunguko 6,000, na bomba la kufyonzea likijikuta liko wazi linavuta hewa. Kona fupi haina shida hiyo, maana oili inarudi kabla pampu haijamaliza iliyopo. Ndiyo maana gari hilohilo linaweza kukimbizwa mjini miaka mitano lisipate neno, likaja kuumia asubuhi moja kiwanjani.

Na wewe uliingia na oili pungufu. Injini hiyo inabeba lita nne na ushee, na kati ya alama ya chini na ya juu kwenye dipstiki kuna karibu lita moja. Umetoka Tabora bila kupima, umeendesha karibu kilomita elfu moja kupitia Singida, Babati na Arusha na gari lenye tabo na umri wake, halafu ukaingia kukimbia. Inawezekana ulikuwa na lita tatu na nusu tangu unapanga foleni. Kwa hiyo sheria ya kwanza haikugharimu hata shilingi: gari likiwa tambarare, oili ifike alama ya juu kabla ya kila kuingia, na ipimwe kila ukitoka. Kila ukitoka, nimesema. Injini inayokimbizwa hupuliza mvuke wa oili kupitia bomba la kupumulia hadi kwenye njia ya hewa, na nusu lita inaweza kupotea mchana mmoja bila hata tone kudondoka chini. Mvuke huo ukiingia kwenye silinda pamoja na petroli unaipunguzia petroli uwezo wa kuhimili mgandamizo. Kuna makopo ya kuukamata, yanafungwa kati ya bomba la kupumulia na njia ya hewa. Si ghali, na mjomba anaweza kulifunga mchana mmoja.

Sasa fedha. Ningekuwa mimi, ya kwanza inakwenda kwenye taimingi belti, kama huna karatasi inayosema ilibadilishwa lini. Japan wanaibadilisha kila kilomita 100,000, wewe uko 138,000. Belti hiyohiyo ndiyo inayozungusha pampu ya maji, na ikikatika kwenye injini hii vali zinagonga pistoni. Badilisha belti na pule zake zote, kikaza belti, na pampu ya maji kwa pamoja, maana kufungua mbele ya injini mara mbili ni kulipa mara mbili. Najua haina raha kama sailensa mpya.

Ya pili ni geji mbili: ya presha ya oili na ya joto la oili, zenye vitambuzi vyake, zikae mahali jicho linapofika bila kugeuza shingo. Geji ya joto iliyoko kwenye dashibodi yako ni ya maji, na imetengenezwa isimtie dereva wasiwasi. Sindano inakaa palepale katikati kwa nyuzi nyingi sana, na inapoanza kupanda hali imeshaharibika. Uliiona mwenyewe "imerushwa". Haikurushwa, ilikuwa imekunyima habari tangu mizunguko kadhaa nyuma. Oili ndiyo inayopata joto jingi na kulitunza. Ikiwa kati ya nyuzi 90 na 120 endelea na raha zako. Ikifika 130 legeza mguu, endesha mzunguko mzima polepole, toka.

Ya tatu ni sampu yenye vizuizi ndani, au bati la vizuizi linalofungwa kwenye sampu yako, ili oili isikimbilie upande mmoja konani. Mkishusha sampu, litazameni bomba la kufyonzea. Kwenye injini za EJ bomba hilo lina historia ya kupasuka kwenye kiungo chake, na likipata ufa hata wa unywele linavuta hewa hata kama sampu imejaa. Yako inalo la kiwandani la zaidi ya kilomita laki moja. Libadilisheni, hata kama linaonekana zima.

Kifaa cha kupozea oili kwa hewa ninakiweka nyuma ya hayo, na najua wengi watanipinga. Nyingi ya hizi injini za tabo zina kipozeo cha kiwandani pale filta inapofungwa, kinachotumia maji ya rejeta. Ukiingia kwa dakika 10 hadi 15 kisha ukatoka, mfumo wa maji ukiwa mzima, kinaweza kutosha. Kipozeo cha nje kina mipira mirefu na viungo vingi, na kila kiungo ni mahali pa kuvuja. Kwa gari linalopita changarawe za Sikonge kufuata asali, jiwe moja kwenye kipozeo kilichoko mbele ya bampa litakumwagia oili yote kabla hujajua. Funga geji kwanza. Zikikuambia 130 kila mara hata ukiendesha kwa akili, nunua, na uchukue chenye vali ya joto ili oili isipoe kupita kiasi asubuhi.

Kuhusu 20W-50, mjomba hakukosea sana kama unavyodhani. Ile namba ya mbele inahusu ubaridi, na Tabora haina ubaridi wa kumsumbua mtu hata mwezi wa saba. Namba ya nyuma inapimwa oili ikiwa kwenye nyuzi 100, na 50 ni nzito kuliko 40 au 30. Kwa kazi ya kiwanjani uzito huo si mbaya. Shida ni kwamba 20W-50 nyingi madukani ni za kawaida, zisizo za sintetiki, na joto la tabo linaziunguza upesi, zinageuka masizi kwenye vijia vyembamba vya tabo. Tafuta sintetiki kamili ya 5W-40, au 10W-50 kama geji inaonyesha joto la juu. Nunua kwa wakala unayemjua, na kopo liwe na lakiri yake. Oili feki ipo, inauzwa kwenye makopo mazuri kuliko ya halali, na kiwanjani ndiko inakojulikana. Nunua na lita mbili za ziada za aina hiyohiyo ukae nazo kwenye buti.

Tuje kwenye maji, ambako mjomba na mimi tunaachana. Themostati ya injini yako, ile vali inayoachia maji yapite kwenye rejeta, inaanza kufunguka kwenye nyuzi 76 hadi 80 na inakuwa wazi kabisa kwenye 91. Gari linapochemsha, yenyewe imeshafunguka yote. Ukiitoa, kiwanjani hupati nafuu ya maana. Hasara unaipata barabarani: alfajiri kati ya Nzega na Igunga, hewa ikiwa ya baridi, injini haifiki joto lake. Kompyuta inadhani gari ndiyo kwanza limewashwa, inaongeza petroli. Petroli isiyoungua inashuka kwenye kuta za silinda hadi kwenye sampu, oili inakuwa nyepesi, na oili hiyo nyepesi ndiyo unayokwenda nayo kwenye ile kona ndefu. Kumbe themostati iliyotolewa kwa sababu ya joto inaishia kuua beringi.

Maji ya bomba nayo. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya bahari, maji kwenye sufuria yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Athi River iko juu zaidi. Kinachozuia yasichemke ndani ya injini ni presha, na presha hiyo inashikiliwa na kifuniko cha rejeta, kipande cha bei ndogo ambacho watu hawakikumbuki mpaka siku ya aibu. Kifuniko kizima cha bar 1.1 kinasogeza kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 120 hata kwenye miinuko yetu. Mpira wake ukikauka, unarudi kwenye sufuria. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa inaongeza nyuzi chache juu ya hapo, na la muhimu zaidi inazuia kutu na chokaa kwenye rejeta. Subaru za tabo mara nyingi zina vifuniko viwili, kimoja kwenye rejeta na kingine kwenye tangi dogo la juu karibu na tabo. Havina nguvu moja, visibadilishane nafasi. Na mkijaza, inueni pua ya gari, mjaze polepole kupitia tangi la juu, muache injini iungurume hadi mapovu yaishe. Hewa iliyobaki ndani ya injini iliyolala inakaa mahali pabaya, na gari linachemsha ilhali rejeta imejaa.

Kava la chini lirudi. Limewekwa ili hewa inayoingia kwenye grili ilazimike kupita kwenye rejeta badala ya kukwepa chini. Ukilivua, upepo unatafuta njia rahisi, na rejeta inapata hewa kidogo kuliko mwanzo. Halafu chukua bomba la maji lisilo na presha kali, osha mapezi ya rejeta na intakula (kipozeo cha hewa ya tabo) kutoka upande wa ndani kuja nje. Mbegu za majani na wadudu wa barabara ya Singida wamejaa humo, nina hakika bila kuliona gari.

Rafiki yako wa Dar mwambie asubiri. Magari hayo yalipangwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japan, inayouzwa kule kama okteni 100 (okteni ni kipimo cha kuhimili mgandamizo). Pampu zetu haziuzi hiyo, na ukikutana na iliyochakachuliwa njiani hujui umeweka nini. Programu ya kuongeza nguvu inaongeza presha ya tabo na kusogeza muda wa cheche mbele. Petroli isiyohimili inalipuka kabla ya wakati wake, na pistoni ndiyo inayopigwa. Isitoshe, kwenye mwinuko hewa ni nyepesi, tabo inazunguka kwa kasi zaidi kupata presha ileile, na hewa inatoka ya moto zaidi. Nguvu uliyonayo inatosha kukufundisha mengi. Siku ukiwa tayari, programu ya kwanza iwe ya kupunguza makali kulingana na petroli yetu, na iandikwe na mtu aliye na gari mbele yake likiwa na kipimo cha mchanganyiko wa hewa na petroli. Kompyuta iliyotumwa kwa basi hadi Dar haiwezi kumwonyesha mtu kinachotokea ndani ya silinda.

Uendeshaji wenyewe unaokoa injini kuliko spea. Mzunguko wa kwanza ni wa kupasha joto, mpaka oili ifike 80. Kimbia mizunguko mitatu au minne, kisha mmoja wa kupoza, gia ya juu, mguu mwepesi. Ile kona ndefu ipite kwa gia moja juu ya uliyozoea: mizunguko ikishuka kutoka 6,000 hadi 4,500, pampu inatupa oili kidogo huko juu na iliyopo inapata nafasi ya kurudi. Utapoteza chini ya sekunde moja. Badilisha gia kwenye 6,500, usingoje sindano iguse wekundu. Unaposhusha gia usikurupuke. Kizuia mizunguko kinakulinda ukikanyaga mafuta, lakini hakikulindi ukitoka ya nne kwa makosa ukaingiza ya pili badala ya tatu. Ukitoka kiwanjani usizime mara moja, acha iungurume dakika mbili, boneti wazi, ili oili iliyo kwenye tabo isiungulie humo. Na ukiona joto linapanda ukiwa bado ndani, zima kiyoyozi, fungua hita mpaka mwisho na feni yake. Utaoga jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili.

Breki sijazigusa kwa sababu hukuuliza, ila badilisha mafuta ya breki kabla hujaenda. Bima pia: soma karatasi yako, maana bima kubwa za kawaida hazilipi ajali ya mashindano au majaribio ya mwendo, na kuvuka mpaka wa Namanga unahitaji kadi ya njano ya COMESA, ile bima ya kuvukia mipaka.

Kuhusu barabara ya Nzega usiku sina maneno ya kupamba. Acha. Kuna baiskeli zimebeba mkaa hazina hata kiakisi, kuna ng'ombe, kuna bodaboda anayezima taa eti anaokoa betri. Na kama kipimo, haikupi chochote: barabara imenyooka, haina kona ya kumwaga oili, na hewa ya usiku inapoza kila kitu. Ndiyo maana huoni tofauti. Ukitaka kupima mfumo wa maji kihalali, utaupima ukienda safari yako, kwenye mlima Sekenke, mchana, kwa mwendo wa sheria, nyuma ya lori lililobeba mzigo. Gari likipanda pale taratibu kwenye jua la saa nane na joto la oili likabaki chini ya 110, mjomba amefanya kazi yake.

Sasa huyo mjomba. Usimpelekee barua hii. Mtu aliyeendesha gereji ya malori ya tumbaku alikuwa na sababu ya kutoa themostati: za malori ya zamani zilikuwa zinaganda zikiwa zimefungwa, spea haipatikani, na kuitoa ndiko kulikofikisha mzigo stesheni. Sababu hiyo ilikuwa ya kweli kwa gari lile. Nenda na themostati mpya orijino mkononi, na kipimajoto cha jikoni, umwombe akusaidie kuijaribu kabla ya kuifunga. Wekeni sufuria ya maji jikoni kwake, muitundike kwa uzi isiguse chini, mchochee moto polepole. Atakapoiona inaanza kuachia karibu na 78 na kuendelea kujifungua kadiri maji yanavyopata moto, hutahitaji kumweleza lolote, atakueleza yeye. Nijuavyo wajomba, ataomba na ile ya zamani iletwe ijaribiwe. Iwe hivyo, na kama ilikuwa imeganda kweli, mpe haki yake mbele ya watu.

Kazi ya belti, sampu na mipira mpe yeye, na umlipe kama unavyomlipa fundi wa nje. Muulize pia kama ana nafasi ya kwenda nawe. Dereva aliye kwenye usukani hawezi kupima oili kila akitoka huku moyo unamdunda, atasahau, atasema bado ipo. Unahitaji mtu mwenye kitambaa na dipstiki, asiye na haraka, ambaye ukimwambia niingie tena anaweza kukukatalia na wewe ukamtii.